Kupe, Ng'ombe na Mwenyekiti wa Josho

Wiki iliyopita nilikuwa hapa Homa Bay nikinywa chai ya asubuhi. Redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo kama ilivyo kawaida yake, nami nilikuwa nikisikiliza kama ilivyo kawaida yangu, yaani kwa sikio moja. Mtangazaji akataja jina refu la mwanamke wa Kuria, akataja mume, watoto na wakwe, na wala sikushtuka. Kisha akasema, "aliyekuwa afisa wa mifugo Ndhiwa na baadaye Muhuru Bay," nikaweka kikombe chini. Jina lile sikulitambua kwa sababu kwetu hakuna aliyelitumia. Sisi tulimwita Daktari, na wazee waliompenda walimwita Nyar Kuria, binti wa Wakuria, jina ambalo mwanzoni lilikuwa la kumtania na baadaye likawa la heshima. Nilikwenda mazishini. Karibu wote waliosimama kuzungumza walimsifu kwa upole wake. Wasomaji wangu, mama yule hakuwa mpole hata kidogo, na ndiyo maana leo naacha habari nilizokuwa nimepanga kuandika ili niseme alivyokuwa hasa.

Alikuja Ndhiwa mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, nikiwa mwalimu wa sekondari pale. Wakati huo serikali ilikuwa imeanza kujiondoa katika mambo mengi iliyokuwa ikiyafanya, na mojawapo lilikuwa kuogesha ng'ombe. Majosho yakakabidhiwa wananchi, kila josho likapewa kamati, na kila kamati ikapata mwenyekiti. Afisa akabaki kuwa mtu wa kushauri tu. Wanaume wa pale hawakujua la kufanya na mwanamke anayeshauri kuhusu ng'ombe. Siku yake ya kwanza mzee mmoja alimwuliza mbele ya watu, "Sasa wewe mama, ng'ombe ikikupiga teke tutamwambia nini bwana yako?" Akamjibu papo hapo, "Mwambieni amtafute ng'ombe huyo, kwa maana atakuwa amevunjika mguu." Watu wakacheka, mzee mwenyewe akacheka zaidi, na kuanzia hapo hakuna aliyemwuliza tena habari za mateke.

Nilimfahamu kwa sababu ya mtamba wangu. Nilikuwa nimenunua ndama jike mwekundu, nikamkuza kwa matumaini makubwa, nikampeleka joshoni kila wiki bila kukosa. Siku moja akaacha kula, matezi yakamvimba chini ya masikio, akaanza kuhema kwa shida, na povu jeupe likamtoka puani. Daktari alipofika alimgusa shingoni na kusema bila kuzungukazunguka, "Hii ni ndigana, homa ya kupe, Mwalimu, na umeniita umechelewa." Mtamba akafa. Nilichokumbuka baadaye si huruma yake bali swali lake. Aliniuliza, "Umesema unamwogesha kila wiki?" Nikasema ndiyo. Akainua sikio la yule mnyama, akanionyesha kupe waliojazana ndani yake, wanono na wenye afya njema.

Siku chache baadaye tulikuwa tumesimama kando ya njia ya kisimani, punda wakipita na mapipa ya maji. Mgongoni mwa punda mmoja alikuwa ndege mwenye mdomo mwekundu, mmoja wa wale wanaoparamia wanyama na kuwachokoa kupe. Nikasema, kama mtu anayetaka kumfurahisha mgeni wake, kwamba yule ni daktari mwenzake. "Tazama vizuri," akaniambia. Nikatazama. Punda alikuwa na kidonda pale pipa linapomkwaruza, na ndege alikuwa akikidonoa kidonda chenyewe, anaruka, anarudi, anadonoa tena. "Kupe anamla, ni kweli," Daktari akasema. "Lakini na damu anaipenda. Kidonda kikitaka kufunga, yeye anakifungua. Sasa niambie, huyo ni rafiki wa punda au ni adui yake?" Nikasema sijui. "Hata punda hajui," akasema, "na hiyo ndiyo shida ya punda." Nilidhani ananifundisha habari za ndege tu. Sikujua kwamba tayari alikuwa akimfikiria mtu.

Mwenyekiti wa josho letu alikuwa mtu wa kupendeza, na nataka hilo lieleweke tangu sasa, kwa sababu hadithi za namna hii huharibika pale msimulizi anapomchora mtu mbaya mwenye sura mbaya. Alikuwa mcheshi, alijua majina ya watoto wetu, na hakupita kwako bila kuuliza mama yako anaendeleaje. Alikuwa na duka la dawa za mifugo sokoni, na mnyama wako akiugua alikuuzia sindano na kukupa pole ya kweli. Zaidi ya yote alikuwa na gari dogo la mizigo. Miaka ile, mnakumbuka, vifo vilikuwa vingi mno kwetu. Vijana waliokuwa wakifanya kazi mijini walirudi nyumbani ndani ya majeneza, na hakuna jambo linalomtesa mtu wa kwetu kuliko maiti wake kukaa mochari kwa kukosa usafiri. Gari la mwenyekiti lilikwenda kuwaleta. Hakumdai mtu kitu. Ulimwendea ukilia, na alfajiri iliyofuata gari lilikuwa limeshawashwa.

Daktari alichunguza josho kwa wiki kadhaa. Kisha asubuhi moja ya kuogesha, ng'ombe wakiwa wamepanga foleni na vumbi likiwa limetanda, alichota maji ya josho kwa chupa kubwa ya kioo. Kwenye chupa ya pili akachanganya mwenyewe dawa na maji kwa kipimo kinachotakiwa, mbele ya macho yetu. Akabandua kupe masikioni mwa ndama, akawatia nusu huku na nusu huku. Hakuondoka na chupa zile. Alimkabidhi mama mmoja mjane, kiongozi wa akina mama kanisani, aliyekuwa amepoteza ng'ombe wake wa maziwa wiki hiyo hiyo, akamwomba azifungie kanisani mpaka kesho. "Nisije nikaambiwa nimeroga," alisema.

Kesho yake watu walijaa. Mjane akatoa chupa zote mbili, akaziweka juu ya ukuta wa josho. Katika chupa ya Daktari kupe walikuwa wametulia chini, wamekufa. Katika chupa ya maji ya josho walikuwa wakitembea juu ya kioo, miguu ya mbele wameinyoosha, kama watu wanaotafuta mlango. Hakukuwa na haja ya hotuba, lakini Daktari alitoa fupi. Alisema dawa ya josho imepunguzwa mpaka imekuwa maji ya kuwaburudisha kupe, kwamba dawa inayokosekana joshoni lazima iwe iko mahali, na kwamba kila mtu ajiulize ni nani anapata faida ng'ombe wakiogeshwa bila kupona. Macho yote yalimwendea mwenyekiti, aliyekuwa amesimama pale pale na kofia yake mkononi. Yeye akatabasamu, akasema atalichunguza jambo hilo. Watu wakatawanyika kimya kimya. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyemshika mtu shati, na wiki iliyofuata tuliwapeleka ng'ombe kwenye josho lile lile, lenye maji yale yale.

Daktari alikasirika sana. Alimfuata yule mjane nyumbani kwake, nami nikiwa naye, akamkuta akipepeta mtama. Akamwuliza kwa nini hakuna aliyesema neno. Mjane hakuacha kupepeta. "Nyar Kuria," akasema, "ulifikiri sisi hatujui? Hiyo maji tunaijua kitambo. Ng'ombe yangu ilikufa nikijua."

"Sasa mbona mnanyamaza, mama?"

"Mwaka jana kijana wangu alikufa Nakuru. Ni nani alienda kumchukua? Ni wewe? Ni huyu mwalimu? Ni yule mwenyekiti. Alifika hapa na matope mpaka magotini, akamshusha mtoto wangu kwa mikono yake." Akauweka ungo chini. "Ng'ombe ikikufa nitalia wiki moja, itaisha. Mtoto wangu akiozea mochari nitalia mpaka niingie kaburini. Wewe uko na dawa, Daktari. Gari huna."

Tuliondoka bila kuaga vizuri. Tulipofika barabarani Daktari akasimama, akaniambia, "Nimekosea, Mwalimu. Nimemwonyesha ng'ombe kupe wake, nikadhani kazi imekwisha. Kumbe kupe huyu amekaa kwenye jeraha ambalo mimi sikuliona." Mtu mwingine angeandika ripoti kwa wakubwa, akajiona ametimiza wajibu wake, akasubiri uhamisho. Yeye aliacha kabisa habari za josho kwa muda, akaenda kutafuta gari.

Alilipata upande wa Rongo, kwa mwenye kiwanda kidogo cha sukari guru. Mtu huyo alikuwa na lori la kubebea miwa, na alikuwa na taabu yake mwenyewe, kwani miwa ilimkaukia mashambani kwa kukosa watu wa kupakia. Daktari alimpeleka yule mjane na akina mama wenzake wakazungumze naye uso kwa uso. Nilikuwapo, na sijawahi kusikia mapatano ya wazi kama yale. Yule bwana alisema, "Mimi si mtakatifu. Mimi nataka miwa yangu ipakiwe." Mjane akamjibu, "Na sisi si maskini wa kuombaomba. Sisi tunataka watu wetu walale nyumbani." Wakakubaliana kwamba nyumba zitakazojiunga na umoja wa akina mama hao zitatoa watu wa kupakia miwa kwa zamu, na kifo kikitokea lori litakwenda kumleta marehemu, awe wa nyumba yoyote. Hakuna aliyemwita mwenzake mfadhili. Hakuna aliyepiga magoti. Mvua za masika zikaja, vifo vikaja pia, na lori likaenda kama walivyoagana. Mara ya kwanza liliporudi na jeneza, likiwa limefagiliwa vizuri na kutandikwa majani mabichi, niliwaona wanaume watu wazima wakilishika bodi lake kwa mikono kana kwamba wanataka kuhakikisha ni la kweli.

Ulipofika mkutano wa kamati ya josho, mwenyekiti alifungua kwa maombi na mzaha kama kawaida. Aliuliza kama kuna neno. Mjane akasimama, akafunga leso yake vizuri, akasema kwa Kiswahili ili na wageni waelewe, "Mwenyekiti, tumekushukuru kwa gari. Tumekushukuru sana, na Mungu ameona. Sasa tupatie ufunguo ya stoo ya dawa." Mwenyekiti akacheka. Alipoona amecheka peke yake, akatazama huku na huku, akitafuta uso hata mmoja wa kumwokoa. Wale aliowazikia walikuwa wakimtazama bila chuki na bila woga. Akauchomoa ufunguo kwenye fungu lake, polepole, akauweka mezani. Kamati mpya ikachaguliwa siku hiyo, dawa ikatiwa kwa kipimo mbele ya watu, na msimu uliofuata ndama walinenepa. Hakufukuzwa mtu. Mwenyekiti wa zamani aliendelea na duka lake, na ng'ombe wake waliogeshwa kwa foleni kama wa mtu mwingine yeyote.

Nisiwafiche, kulikuwa na gharama. Mwenyekiti yule wa zamani alikuwa na marafiki mahali pa juu, na haukupita muda mrefu Daktari akapewa uhamisho kwenda Muhuru Bay, kule mwambaoni mwa ziwa karibu na mpaka wa Tanzania, ambako watu wanaishi kwa samaki na afisa wa mifugo hana mengi ya kufanya. Ilikuwa adhabu, na kila mtu alijua. Nilipokwenda kumtembelea nilitarajia kumkuta mtu aliyevunjika moyo. Nilimkuta ufukweni, sketi imekunjwa, akibishana na wanawake waliokuwa wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye nyavu chini. Alifurahi kuniona, na kabla hata sijauliza habari za watoto akaniokotea omena mmoja mwenye tumbo kubwa kuliko wenzake. "Unamwonaje huyu?" Nikasema ni mnono. Akampasua kwa ukucha wa kidole gumba. Ndani ulikuwamo mnyoo mweupe, mpana, mrefu, umejikunja mara nyingi mpaka nikashangaa umeingiaje. "Huyu hana mayai," alisema. "Mnyoo umechukua nafasi yote, hatazaa kamwe. Tena humfanya aelee juu juu, mahali ndege wanapomwona. Ndege akimla, mnyoo umefika ulikotaka kwenda. Na ukimtazama kutoka nje utasema anastawi."

Nimewaza sana juu ya omena yule miaka hii. Nchi yetu imejaa vitu vinavyoonekana vinono. Kuna vyama vya ushirika vyenye majengo mapya na wakulima wasiolipwa. Kuna wakubwa wanaokuja na mifuko ya unga kila uchaguzi, nasi tunaimba, na hatuulizi kwa nini kila mwaka tunahitaji unga wao. Yule aliyetuletea unga hana faida yoyote siku tutakapovuna wenyewe. Hilo si tusi, ni maelezo ya jinsi anavyoishi. Lakini Daktari hakupenda watu walitumie neno kupe ovyo, na siku ile ufukweni tulibishana. Nilikuwa nimemlalamikia vijana wenye kazi mjini wanaosema kwamba ndugu zao wa kijijini ni kupe, kazi yao kuomba tu. Alinikatiza. "Mtoto tumboni naye ananyonya," alisema. "Nimebeba watano, nakwambia wananyonya hasa, mpaka meno yanalegea. Lakini yule anakua ili atoke. Kupe hakui ili atoke, anakua ili azae kupe wengine mahali pale pale. Mtu akikuomba, usiangalie anachukua kiasi gani. Angalia kama kesho atakuwa amekua au utakuwa wewe umepungua." Nikamwuliza, na akiwa amezeeka na hawezi tena kukua? Akanitazama kwa hasira ya kirafiki. "Basi wewe ndiwe uliyemnyonya kwanza, Mwalimu. Mrudishie."

Alikaa Muhuru Bay mpaka ugonjwa ulipomshika, na ugonjwa wenyewe haukumchukua muda mrefu. Mjane wa Ndhiwa alikuja mazishini pamoja na akina mama wenzake, na alipopewa nafasi ya kuzungumza hakusema lolote juu ya upole. Alisema, "Huyu alitukasirikia siku moja, akaenda nyumbani akafikiri, akarudi. Wengine wanatukasirikia, hawarudi." Kisha akaketi. Katika maneno yote yaliyosemwa siku ile, hayo ndiyo yaliyomtosha marehemu.

Nasi tulio hai tuna la kuchukua. Tumekuwa hodari wa kuwataja wanaotunyonya. Majukwaani wanatajwa, magazetini wanatajwa, na safu hii pia imewataja mara nyingi. Tukishawataja tunashangaa kwamba bado wapo, na pengine tunawalaumu wanaonyonywa kwa ujinga wao. Lakini si wajinga. Wana shida ya kweli, na mtu mmoja ameishika shida hiyo mkononi mwake, akajifanya yeye ndiye dawa yake. Anayetaka kumwondoa mtu huyo na aanze kwa kuuliza ni kazi gani anatufanyia, kisha kazi hiyo tuifanye wenyewe, hadharani, kwa mapatano ambayo kila mmoja anajua anatoa nini na anapata nini. Ni kazi ngumu kuliko kulaani, na haina makofi. Hata hivyo naamini bila wasiwasi wowote kwamba inawezekana, kwa kuwa nimeiona ikifanyika. Watu wanaoweza kuzikana wenyewe hawahitaji bwana.